Saa Isiyorudi Nyuma: Kutoka Chungu cha Athens Hadi Seva za Node.js

Katika mahakama za Athens ya kale, mtu aliyesimama kujitetea alipimiwa maneno yake kwa maji. Chungu chenye tundu karibu na kitako kiliwekwa juu ya kingine. Alipofungua kinywa, tundu lilizibuliwa. Maji yalipokatika, naye alinyamaza. Wanaakiolojia walifukua chungu kimoja cha aina hiyo katika uwanja wa Agora. Kinabeba zaidi ya lita sita za maji, nayo huisha kwa dakika sita hivi. Hakuna aliyekitazama ili ajue kama jua limepinduka au bado, maana kwa shughuli hiyo walikuwa na kivuli cha jua. Chungu kilijibu swali moja tu: umepita muda gani tangu tundu lizibuliwe?

Nimeanza mbali kwa makusudi. Swali la sasa ni saa ngapi na swali la muda gani umepita ni maswali mawili, na kila binadamu alipoyajibu kwa chombo kimoja bila uangalifu, chombo hicho kilimponza. Waathens waliyatenganisha kabla ya Kristo. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995, na waliokuja kuitumia kwenye seva za Node.js walisubiri hadi mwaka 2012 kupata chombo cha kuyatenganisha. Leo mwandishi wa programu anayetaka kujua ombi la mteja limechukua muda gani hukuta amri nne mbele yake: Date.now, process.hrtime, performance.now na process.hrtime.bigint. Kwa sura zinakaribiana. Lakini kila moja ina asili yake, na anayeijua asili hiyo hana haja ya kukariri ipi itumike wapi.

Baharini swali la muda gani lilikuwa la uhai na kifo. Manahodha wa Bahari ya Hindi walihesabu safari kwa zam, yaani mwendo wa saa tatu wa chombo, na kipimo hicho kimo katika maandishi ya Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15 aliyeifahamu pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Mabaharia wa Ulaya walitupa majini kamba yenye mafundo na kuhesabu mafundo yaliyopita mikononi hadi mchanga uishe katika chupa ndogo ya sekunde 28. Galileo, alipotaka kujua mpira unateremka mteremko kwa kasi gani, hakuwa na saa ya kumfaa. Aliacha maji yatiririke kutoka kwenye pipa mpira ukiwa njiani, kisha akayapima maji hayo kwa mizani. Uzito wa maji ndio uliokuwa muda. Katika vyombo vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichojua tarehe, na hakuna aliyekidai.

Aliyeunganisha maswali haya mawili kwa ufundi wa kustaajabisha ni John Harrison, seremala wa Kiingereza. Baharia aliyetaka kujua yuko wapi mashariki au magharibi alihitaji saa iliyoondoka bandarini na wakati wa nyumbani na kuutunza bila kuupoteza. Mwaka 1761 William, mwanawe Harrison, alipanda meli kwenda Jamaica na saa ya nne ya baba yake, ile inayoitwa H4. Baada ya siku 81 saa ilikuwa imechelewa kwa sekunde tano tu. Tangu hapo ulimwengu ulizoea wazo kwamba saa nzuri hufanya kazi zote mbili: hutaja wakati, na ukitoa usomaji wa kwanza kwenye usomaji wa pili unapata muda. Wazo hilo ni sahihi kwa sharti moja. Katikati ya safari mtu asiiguse mishale ya saa.

Sharti hilo halikuonekana zito kwa miaka mingi, kwa sababu kila kizazi kilipata saa bora kuliko ya kizazi kilichotangulia. Katika miaka ya 1840 Matthäus Hipp alitengeneza kronoskopu iliyogawa sekunde katika sehemu elfu moja, na katika maabara ya Wilhelm Wundt kule Leipzig ikatumika kupima jinsi mtu anavyochelewa kuitikia sauti au mwanga. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Labs walitengeneza saa ya fuwele ya kwatzi. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry, pale Teddington, Uingereza, waliwasha saa ya atomi za sesiamu, na mwaka 1967 sekunde yenyewe ikabadilishwa maana. Haikuwa tena sehemu ya siku wala ya mwaka. Ikawa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa sesiamu.

Hapo ndipo mishale ilipoanza kuguswa. Atomi haichoki, ila Dunia huzunguka leo polepole kidogo, kesho haraka kidogo. Ili saa ya atomi isiachane na jua, kuanzia tarehe 30 Juni 1972 wakati rasmi wa dunia huongezwa sekunde moja inapohitajika, na hadi mwisho wa mwaka 2016 sekunde za nyongeza zilikuwa zimefika 27. Kwa mtu mwenye saa mkononi hilo si kitu. Kwa kompyuta ni jambo jingine kabisa.

Kompyuta zetu zimerithi namna ya kuhesabu wakati kutoka mfumo wa Unix. Mwongozo wake wa kwanza wa mwaka 1971 ulihesabu sehemu ya 60 ya sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka huo, lakini namba ya biti 32 ingejaa kwa miaka miwili na robo hivi tu. Baadaye wakakubaliana kuhesabu sekunde nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Kanuni ya POSIX, ya pamoja kwa mifumo ya aina ya Unix, ikaongeza sharti lililorahisisha hesabu za kalenda na kutuachia deni kubwa: kila siku ina sekunde 86,400, si zaidi wala si pungufu. Siku yenye sekunde ya nyongeza ina 86,401. Basi moja kati ya hizo haina namba yake, na kwa kawaida mfumo hurudia namba ileile mara mbili. Saa inarudi nyuma, tena kwa mujibu wa kanuni.

Sekunde ya nyongeza ni kisa adimu. Kisa cha kila siku ni kwamba fuwele ya kwatzi iliyo ndani ya seva ni ya bei nafuu. Ikikosea kwa sehemu 50 katika milioni, jambo la kawaida kabisa, hupotea zaidi ya sekunde nne kwa siku. Tiba yake aliileta David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, ambaye itifaki yake ya NTP ilichapishwa mwaka 1985: kompyuta huuliza wenzake mtandaoni, hukadiria ucheleweshaji wa njia, kisha hujirekebisha. Tofauti ikiwa ndogo, programu ya NTP huiharakisha au kuipunguza kasi saa taratibu. Ikizidi milisekunde 128, kwa kawaida saa hurushwa moja kwa moja hadi mahali pake, mbele au nyuma. Hii ni kazi njema, na bila hiyo kumbukumbu za seva mbili zisingelingana kamwe. Lakini maana yake ni kwamba saa ya tarehe katika kompyuta ni saa inayoguswa mishale mchana na usiku na fundi asiyeonekana.

Majira ya nchi hayahusiki hapa, ingawa wengi hudhani hivyo. Date.now hutoa hesabu ileile Nairobi na Tokyo kwa wakati uleule, na nchi inayosogeza saa zake mbele wakati wa kiangazi haiibadilishi. Kinachoibadilisha ni marekebisho ya saa yenyewe ya mashine.

Brendan Eich aliiandika JavaScript ya kwanza kwa siku kumi mwezi Mei 1995, akiwa katika kampuni ya Netscape. Lugha iliamriwa ifanane na Java, na kitu kinachoitwa Date kilichukuliwa karibu kama kilivyo kutoka java.util.Date. Kilihesabu milisekunde tangu 1970. Kwa ukurasa wa wavuti wa miaka ile, uliotaka kuonyesha tarehe ya leo au kukagua fomu, hicho kilikuwa zaidi ya kutosha. Netscape yenyewe iliipeleka lugha hiyo kwenye seva mapema, kwa bidhaa iliyoitwa LiveWire, ila haikuota mizizi. Hivyo kwa zaidi ya miaka kumi swali la kupima muda kwa makini lilibaki la watu wachache waliolinganisha kasi ya vivinjari.

Nao walikuta jambo la kuhuzunisha. Mwaka 2008 John Resig, mwandishi wa jQuery, alionyesha kwamba kwenye Windows XP saa iliyosomwa na vivinjari ilisogea kwa hatua za milisekunde 15 hivi. Msimbo uliochukua milisekunde mbili ungeweza kuripotiwa kuwa sifuri au 15, ikitegemea ulianza lini. Chanzo kilikuwa chini kabisa, katika mdundo wa saa ya Windows uliopiga mara 64 kwa sekunde. Ushahidi mwingi wa miaka ile kwamba kivinjari fulani kina kasi kuliko kingine ulijengwa juu ya hatua hizo pana.

Tarehe 8 Novemba 2009, mjini Berlin, Ryan Dahl alisimama mbele ya mkutano wa JSConf EU na kuonyesha Node.js. Aliichukua V8, injini ambayo Google ilikuwa imeitoa na Chrome mwaka uliotangulia, akaiweka kwenye seva pamoja na mzunguko wa matukio unaohudumia maelfu ya wateja kwa uzi mmoja. Ghafla Date ilijikuta mahali ambapo haikutengenezewa. Ukurasa hufungwa baada ya dakika chache. Seva hukaa miezi bila kuzimwa. Ukurasa una msomaji mmoja. Seva hupima maelfu ya maombi kwa sekunde, na vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua mteja asubiri kwa muda gani kabla ya kukatiwa, kazi ipelekwe mashine ipi, na nani aamshwe usiku. Tena kwa kuwa uzi ni mmoja, kazi ya milisekunde 20 inayoziba njia huwachelewesha wote walio nyuma yake. Kipimo cha hatua ya milisekunde moja ni kinene mno kwa kazi hii. Na kipimo kinachoweza kutoa jibu hasi ni kibaya kuliko kutokuwa na kipimo.

Je, jibu hasi hutokea kweli? Tarehe 30 Juni 2012 sekunde ya nyongeza iliamsha kasoro katika kiini cha Linux, na vichakataji vya seva nyingi vikaenda mbio bila kazi yoyote ya maana. Reddit na Mozilla zilitaabika. Abiria wa Qantas walikwama kwenye kaunta za viwanja vya ndege. Kasoro ile ilikuwa ya vipima muda vya ndani ya Linux, si ya jibu hasi. Kisa kinachogusa mada yetu moja kwa moja kilitokea usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kampuni ya Cloudflare ilikuwa na programu ya DNS, yaani ya kutafuta anwani za mtandao, iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Programu hiyo ilipima seva nyingine zinajibu kwa kasi gani kwa kutoa wakati wa kuanza kwenye wakati wa kumaliza, na waandishi wake waliamini, kama ambavyo mtu yeyote angeamini, kwamba jibu haliwezi kuwa chini ya sifuri. Sekunde ya nyongeza ilipoingia, jibu likawa hasi. Namba hiyo ikapelekwa kwenye amri ya kubahatisha namba isiyokubali hasi, na programu ikaanguka. Marekebisho yalikuwa ya alama moja: penye sawa na sifuri wakaandika pungufu au sawa na sifuri. Mwaka uleule, mwezi Agosti, Go toleo la 1.9 ilianza kubeba kimyakimya saa ya pili ndani ya kila usomaji wa wakati.

Saa hiyo ya pili ilikuwapo muda mrefu. POSIX iliitambua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina CLOCK_MONOTONIC, Windows ilikuwa na QueryPerformanceCounter, Solaris ilikuwa na gethrtime, na Java ilipata System.nanoTime mwaka 2004. Sifa yake kuu ni ahadi ndogo: usomaji wa baadaye hautakuwa mdogo kuliko wa kabla. Haijui tarehe. Sifuri yake iko popote, mara nyingi pale mashine ilipowashwa, na hilo halina madhara yoyote. Mswahili anayeanza kuhesabu saa jua linapochomoza na Mwingereza anayeanza usiku wa manane hawataafikiana namba, lakini wali ukikaa jikoni nusu saa, wote wawili watasema nusu saa. NTP inaweza kuikaza au kuilegeza kasi yake kidogo, kuirusha haiwezi.

Node ilifungua mlango wa saa hiyo mwaka 2012, katika toleo la 0.7.6, kwa amri ya process.hrtime. Chini yake kuna maktaba ya libuv, ambayo kwenye kila mfumo huita saa isiyorudi nyuma ya mfumo huo. Waliokutana na amri hii mara ya kwanza walishangazwa na umbo la jibu lake: hairudishi namba, hurudisha safu ya namba mbili, sekunde na nanosekunde. Wengi waliona ni usumbufu. Mimi naona ni uaminifu. Namba ya JavaScript ni ya desimali ya biti 64, na namba nzima inazoweza kuzishika bila kukosea zinaishia 9,007,199,254,740,991. Zihesabu kama nanosekunde na utapata siku 104. Mashine iliyokaa bila kuzimwa zaidi ya miezi mitatu na nusu ingeanza kupoteza tarakimu za mwisho, kimya kimya, na hakuna jaribio la mezani ambalo lingeligundua tatizo hilo. Hivyo wakaigawa namba vipande viwili, na anayetaka tofauti huirudishia amri safu ya kwanza ili imfanyie hesabu ya kutoa na kukopa.

Mwaka uleule, upande wa vivinjari, shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipitisha kanuni yake ya wakati wa hatua ndogo, na humo mkawa na performance.now. Hii ilipita njia nyingine. Hutoa namba moja ya milisekunde yenye desimali, ikihesabu tangu ukurasa ulipoanza kufunguliwa. Uamuzi wa kuanzia karibu badala ya kuanzia 1970 ni wa werevu mkubwa kuliko unavyoonekana. Milisekunde tangu 1970 sasa zimezidi bilioni 1,700, na kwenye namba ya ukubwa huo hatua ndogo kabisa ambayo desimali inaweza kuonyesha ni karibu robo ya maikrosekunde. Ukianza sifuri programu inapowaka, hata baada ya mwaka mzima wa kukimbia mfululizo hatua hiyo bado ni nanosekunde nne hivi. Node iliipokea performance.now katika toleo la 8.5 la mwaka 2017, ndani ya moduli ya perf_hooks, na tangu toleo la 16 la mwaka 2021 inapatikana bila kuagizwa. Kwenye seva huhesabu tangu mchakato wa Node ulipoanza.

Hapa historia za kivinjari na za seva, zilizokuwa zikikaribiana, ziliachana kwa kishindo. Tarehe 3 Januari 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu wa vichakataji uliopewa jina la Spectre. Kiini chake kilikuwa muda: programu ovu inaweza kujua kilichomo katika kumbukumbu isiyoruhusiwa kuisoma kwa kupima tu kama usomaji fulani ulikuwa wa haraka au wa polepole. Dalili zilikuwapo tangu 2015, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipoonyesha upelelezi wa namna hiyo ndani ya kivinjari kwa JavaScript tupu. Saa kali ikawa silaha. Ndani ya siku chache Firefox iliipunguza performance.now hadi hatua za maikrosekunde 20, na vivinjari vingine vikafanya vivyo hivyo kwa viwango vyao, baadhi hadi milisekunde nzima.

Node haikuigusa saa yake. Sababu yake ni ya haki: kwenye seva yako unaendesha msimbo uliouchagua mwenyewe, na msimbo huo tayari unaweza kufungua faili na mitandao bila kupeleleza kichakataji. Lakini si seva zote za JavaScript zina bahati hiyo. Cloudflare Workers huendesha misimbo ya wateja wengi katika mchakato mmoja, na waliojenga mfumo huo walichukua hatua kali kuliko vivinjari: wakati msimbo wako unafanya hesabu, saa imesimama. Unasoma Date.now, unazungusha kitanzi mara milioni, unasoma tena, na namba ni ileile. Husogea baada ya mawasiliano na nje tu. Kwa hiyo anayehamisha programu yake kutoka Node kwenda huko na kukuta kila kazi imechukua sifuri asidhani amevunja kitu. Ni ulinzi, na hakuna amri ya kuukwepa. Mtu anayechagua saa lazima ajue kwanza msimbo wake utaishi wapi.

Mwezi Julai 2018, Node toleo la 10.7 ilileta process.hrtime.bigint. V8 ilikuwa imepata BigInt, namba nzima zisizo na kikomo cha biti 53, na sababu ya kugawa jibu vipande viwili ikaondoka. Sasa ni namba moja ya nanosekunde na hesabu ya kutoa ya kawaida. Nyaraka za Node zikaiweka process.hrtime ya zamani katika kundi la urithi: haitaondolewa, lakini msimbo mpya hauihitaji. BigInt nayo ina masharti yake. Haichanganyiki na namba za kawaida, na ukijaribu kuijumlisha na moja ya kawaida programu hugoma, JSON.stringify nayo hugoma ikikutana nayo. Wengi hugundua sharti hili la pili pale kumbukumbu zao za vipimo zinapokataa kuandikwa.

Nanosekunde yenyewe inahitaji heshima kidogo. Grace Hopper, mwanamaji na mwanahisabati wa Marekani, alikuwa akigawa vipande vya waya vya urefu wa sentimita 30 hivi, urefu ambao mwanga husafiri kwa nanosekunde moja. Kusoma saa pia kuna gharama. Kwenye Linux ya leo, mara nyingi usomaji hufanyika bila kuingia ndani ya kiini cha mfumo, kwa kutazama kihesabu kilichomo kwenye kichakataji ambacho Intel ilianza kukiweka katika Pentium ya mwaka 1993, na bado huchukua makumi ya nanosekunde kabla hata JavaScript haijaongeza zake. Kihesabu hicho nacho kilipitia utoto mgumu: kwa miaka mingi kasi yake ilibadilika kichakataji kilipopunguza umeme, na viini viwili vya kichakataji kimoja viliweza kutofautiana. Basi tarakimu ya mwisho ya hrtime.bigint si ukweli wa kuuamini peke yake. Anayepima kipande kidogo cha msimbo mara moja anapima pia mfagiaji wa kumbukumbu wa V8, na anapima kama injini imekwisha kuuboresha msimbo huo au bado. Apime mara nyingi, atazame jinsi majibu yalivyotawanyika, wala asiridhike na wastani.

Kwa mtazamo wangu performance.now ndiyo saa ya kuanza nayo kwenye seva leo. Inasomeka, hutoa milisekunde ambazo grafu zetu zote hutumia, msimbo uleule hufanya kazi katika Node, Deno, Bun na kivinjari, na hatua yake inatosha kwa karibu kila kinachopimwa kwa haki katika JavaScript. hrtime.bigint naiweka kwa wanaokusanya vipimo vidogo vingi na kuvijumlisha bila kutaka kupoteza hata tarakimu, au wanaopeleka namba kwa mifumo inayodai nanosekunde nzima. Date.now ibaki pale ilipostahili tangu mwanzo: kugonga muhuri wa lini jambo lilitokea, muhuri ambao mashine nyingine na mtu wa kesho wataweza kuusoma. Kumbukumbu nzuri ya ombi moja hubeba vyote viwili, tarehe kutoka Date na muda kutoka saa isiyorudi nyuma, na haijaribu kuupata mmoja kwa kuutumia mwingine. Usomaji wa performance.now wa mashine moja haulingani na wa jirani yake, na kuutuma mtandaoni ili ulinganishwe ni kazi bure.

Hata saa isiyorudi nyuma ina swali lililobaki wazi. Kompyuta ndogo ikifunikwa na kulala saa nane, je, muda huo umepita? CLOCK_MONOTONIC ya Linux husema hapana. Mwaka 2011 Linux iliongeza CLOCK_BOOTTIME inayosema ndiyo, na mwaka 2018 wasimamizi wake walijaribu kuzifanya mbili hizo ziwe kitu kimoja, lakini programu za watu zikavunjika na badiliko likaondolewa. Node kwenye Linux hufuata ile isiyohesabu usingizi. Kwa seva isiyolala ni sawa. Kwa anayejaribu msimbo wake kwenye kompyuta anayoifunga jioni, ni jambo la kukumbuka.

Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba utaratibu wa sekunde za nyongeza ukome ifikapo mwaka 2035 au kabla. Wapo watakaosema kwamba hapo Date itakuwa salama. Haitakuwa, kwa kuwa fuwele zitaendelea kukosea na NTP itaendelea kuzisahihisha. Wala Temporal, mfumo mpya wa tarehe ulioandaliwa kwa ajili ya JavaScript, haubadilishi hilo: unashika nanosekunde kwa ukamilifu, lakini ni nanosekunde za kalenda, na namba yenye tarakimu nyingi itawavuta wengi waitumie kupimia muda. Lugha yenyewe, katika kanuni yake ya ECMAScript, hadi leo haina saa isiyorudi nyuma. performance.now ni ya W3C na hrtime ni ya Node, na kila anayejenga mazingira mapya ya kuendesha JavaScript ana hiari ya kuzileta au kuziacha. Ningependa TC39, kamati inayosimamia kanuni hiyo, iiandike saa hiyo ndani ya lugha, kwa jina moja na ahadi moja, kabla seva nyingine hazijajengwa juu ya kutoa tarehe kwenye tarehe.